Hali ya Bahari, kutoka Bertrams

Kwa nini mtu anayeishi Bertrams, katikati ya Johannesburg, ambako maji pekee yanayopanda na kushuka ni ya bomba la ghorofani, aamke gizani kila siku kuulizia kina cha bahari juu ya mwamba ulioko Unguja? Nilijiuliza hivyo nikiwa na miaka kumi. Nikamuuliza baba. Akaniambia niandike. Hata leo nikisikia upepo ndani ya simu, ule mkwaruzo unaotangulia kabla mtu hajasema kitu, vidole vyangu hujiandaa kuandika.

Niwaeleze kwanza jinsi ilivyokuwa. Baba alizaliwa kijiji cha mashariki ya Unguja, na kabla ya kuja Afrika Kusini kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kwa boti hadi kwenye mwamba, pale mawimbi ya bahari kuu yanapopasukia. Wageni walilala kifudifudi juu ya mbao zao, wakasubiri wimbi, wakasimama na kuteleza nalo. Alipoondoka, kazi ilibaki kwa mdogo wake, Ame, ambaye mimi namwita ba mdogo. Mwenye nyumba ya wageni alitaka kila asubuhi taarifa ya Kiingereza ya kuwasomea watu wake wakinywa chai: maji yako wapi, upepo unatoka wapi, mawimbi yanamfika mtu kiunoni au kifuani, waingie au wasiingie. Kiingereza cha ba mdogo kilikuwa cha salamu tu. Kwa hiyo alimpigia baba, baba akauliza maswali na kuamua, na mama, aliyesuka nywele saluni moja ya Hillbrow na kuandika Kiingereza kizuri kutuzidi sote, akaandika na kuituma kwenye simu ya mwenye nyumba. Jibu likarudi, alama ya kidole gumba.

Mama aliugua kidogo, akalazwa, akafariki. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona: mambo matatu yaliyofuatana. Sikulia. Wanawake waliokuja kutupa pole walinisifu kwa subira, nami nilijua haikuwa subira. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaukanyagia, unaona umekanyaga, lakini huhisi sakafu.

Baba alikufa ganzi mdomo. Alikwenda kwenye duka la vipuri vya magari alikofanya kazi, kule Doornfontein, akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. Nikimwekea chai aliinywa. Nikisahau, hakudai. Watu walimsalimu ngazini akaitikia kwa kichwa. Jioni nzima ilipita, nasikia televisheni ya jirani na mlango wa lifti mbovu, na sisi wawili kimya, kila mmoja akitazama ukuta wake. Nilianza kuogopa kwamba amesahau kusema, kama mtu anavyosahau lugha.

Halafu asubuhi moja simu ikalia, kwetu bado giza, kwao jua limeshatoka. Baba hakunyoosha mkono. Nikapokea mimi.

"Shikamoo, ba mdogo."

"Marahaba, Zuhura. Mpe baba yako simu."

"Hasemi."

"Simtaki aseme. Namtaka aniambie niwaingize watu au nisiwaingize. Wako sita hapa, wamebeba mbao kama mafundi seremala, wananitumbulia macho mimi. Mmoja ana nywele nyekundu, huyo ndiye mwenye haraka."

Nikaweka sauti kubwa na kuilaza simu juu ya blanketi. Upepo ulivuma chumbani kwetu. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya mbali isiyokatika, ambayo nilijua ni bahari kwa kuwa niliambiwa tu. Baba akaiinamia simu.

"Upepo unatoka wapi?" akasema.

"Kusi, kaka, lakini haujaamka vizuri."

"Maji?"

"Yanajaa. Mwamba umeanza kufunikwa."

"Umeanza au umefunikwa?"

"Umeanza."

"Basi wasubiri. Wakiingia sasa watachanwa miguu." Kisha akanigeukia. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Andika."

Nikaandika. Kidole gumba kikarudi.

Tangu siku hiyo kazi ya mama ikawa yangu. Nilijua bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na nilijua maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo, lakini bahari yenyewe sikuwahi kuiona hata kwa mbali. Shuleni tulisema Kizulu na Kiingereza, na hakuna aliyenihitaji kwa maneno hayo. Wakati wa baridi, umeme ukikatika, niliandika nimejifunika blanketi kichwani, mwanga wa simu ukinichoma macho: mawimbi ya kiuno, upepo mdogo, subirini mwamba ufunikwe. Nje vioo vya magari vilikuwa vimeganda barafu.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Bado ni hivyo, na imenipotezea marafiki.

"Kwa nini wasitazame wenyewe? Si wamelala pwani?"

"Mgeni anaona maji," baba akasema. "Haoni mwamba."

"Unalipwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa andika."

Ba mdogo naye nilimbana. Siku moja nikamwambia kwamba kwenye simu yake nasikia upepo, nasikia jogoo, nasikia mtu akimfokea mbuzi, lakini hao wageni sijawahi kuwasikia.

"Wanakunywa chai," akasema.

"Kila siku?"

"Eish, si ndivyo mnavyosema huko kwenu? Chai yao ndefu, mwanangu. Na wewe karani gani unayemhoji bosi?"

Baba akacheka. Pumzi fupi tu, ya puani, lakini niliisikia, na niliibeba hadi shuleni.

Kabla ya kukata simu ba mdogo aliniuliza kila mara baba yako kala nini jana. Nilidhani ni adabu. Nikamjibu mkate, au pap, ugali wa huku, na maharage, au hakuna. Asubuhi moja nikamjibu, "Alipika yeye. Aliunguza." Ba mdogo akasema vizuri, vizuri sana.

Baada ya hapo simu zikaanza kuruka siku. Leo bahari imechafuka, haingii mtu. Leo boti iko juu ya mchanga inazibwa nyufa. Mwishowe akatuambia wageni wamerudi kwao, msimu umekwisha, na bi karani apumzike. Asubuhi ya kwanza bila simu baba aliamka saa ile ile. Akakaa. Akanitazama nikifunga kamba, kisha akaniuliza viatu vyangu vilipasuka lini. Vilikuwa vimepasuka tangu mama akiwa hai. Jumamosi tukaenda kununua vingine, na njiani alizungumza hadi nikachoka kumsikiliza.

Chuo kikuu kilinifundisha kudai ushahidi kwa kila jambo. Mwaka jana nikaitafuta ile nyumba ya wageni mtandaoni, nione hata picha ya mwamba wetu. Sikupata kitu. Nikampigia mama mdogo, mke wa ba mdogo, kumuuliza kama nimekosea jina.

Hukukosea, akaniambia. Nyumba ilifungwa wiki ile ile mliyomzika mama yako. Mwenye nyumba alirudi kwao na kumwachia Ame simu yake, na Ame, ambaye Kiingereza hajui kukisoma, alikwenda ufukweni kila asubuhi peke yake na simu mbili, moja ya kuwapigia, moja ya kuwarudishia kidole gumba.