Utani Nilioutumia Vibaya Dukani

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, maksai wetu alikurupuka na plau kule Ndalambo, akavuka mashamba ya watu watatu, nyuma yake mfereji kama wa kupitishia maji. Mimi ndiye niliyeiachia kamba, nikawa nakula muhogo. Baba hakunipiga. Alikaa juu ya kichuguu akacheka mpaka machozi, kisha akasema, "Huyu ng'ombe anaipenda kazi kuliko wewe. Nenda Tunduma kwa mjomba wako ukauze nguo." Maksai yule alikuwa na baka jeupe usoni, na ukimwita kwa jina... lakini ngoja, nisipotelee kwa ng'ombe.

Nayasema haya kwa sababu umeniambia umepewa kuwasimamia wauzaji watatu dukani, na mmoja wao ananuka jasho mpaka wateja wanamkwepa, nawe hujui umwanzeje. Mimi nilidhani najua.

Kwa mjomba nilimkuta Elia, kijana wa Igamba. Duka lilikuwa la vitenge, karibu na mpaka, na wateja wengi ni akina mama wa Zambia. Sijaona muuzaji kama yule. Alifungua jora kwa mkupuo mmoja, ua likatua mbele ya mama kama limemchagua yeye. Kwa Kibemba chake cha kubembeleza na neno lao la heshima, "mukwai" huku, "mukwai" kule, mtu aliyekuja kuuliza njia aliondoka na kitenge. Mimi nilikuwa mkubwa wake kazini kwa sababu mwenye duka ni mjomba wangu, basi. Tena tulikuwa watani. Babu yake na babu yangu walitaniana. Ukoo mmoja ukifiwa, wa pili huja kufanya fujo msibani, kukamata jogoo wa wafiwa na kuwachekesha wanaolia. Na mtani hanuniwi. Akikuvua kofia, unacheka.

Kiangazi kimoja Elia akaanza kunuka. Sitalipamba jambo: kikwapa kile kinachomtangulia mtu mlangoni. Maji tulinunua kwa dumu, na mimi mwenyewe sikuwa asumini, lakini anayenuka hajisikii. Mjomba akaniita kando. "Mwambie mwenzako leo. Ila mwambie kiutu uzima. Yule akiondoka, nusu ya duka hili imeondoka."

Nikaogopa. Kumtazama rafiki machoni ukamwambia ananuka, hilo linataka moyo, nami moyo huo sikuwa nao. Nikawaza: si ni mtani wangu? Utani utanibebea. Nikangoja duka lijae.

"Jamani!" nikapaza sauti. "Nani kaingiza beberu humu ndani?" Nikaziba pua, nikamzunguka Elia nikimnusa kama mbwa. Akina mama wakaanza kucheka. Mmoja akapiga makofi, "Awe, hapana, mukwai, usimwonee bwana vitenge wetu!"

Elia naye akacheka. Ilimbidi. "Beberu ndiye mwenye zizi, mtani," akanijibu. "Wewe endelea kuzoa samadi."

Duka zima likaangua kicheko. Nikajisifu moyoni: ujumbe umefika, na hakuna aliyeumia.

Kisha mama mmoja akaomba aonyeshwe jora la juu kabisa, la bluu. Elia akalitazama. Mikono yake ilikuwa imebana mbavuni, haiachii. "Mtani," akasema polepole, "nishushie lile."

Mwanangu, Elia alinipita urefu kwa kichwa kizima. Nilipanda kiti ndipo nikalifikia. Na nikiwa juu ya kiti hicho nikaelewa nilichofanya.

Utani una mahali pake, msibani na harusini, ambako kila mtu amekuja akijua ni mchezo. Mimi nilichukua desturi isiyomruhusu mtu kununa, nikamzibia nayo mdomo mbele ya wateja wake. Hata kujitetea asiweze. Wazee walisema siri ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilipewa kuosha, nikaita watu waje watazame. Mpaka leo sijui kama yalikuwa maji, au shati moja, au maradhi. Sikuuliza. Nikienda msiba wa Igamba hutazama watu warefu. Mpakani malori yakipanga foleni, hutazama tena. Mzee mzima, natafuta mtu nimwulize swali moja tu la kiangazi kile.

Kwa hiyo mwite peke yake, kabla duka halijafunguliwa. Usimwachie sabuni mezani, usitume mwingine, usifanye mzaha hata kama mnacheka pamoja kila siku. Kwanza muulize anaishije, maji anapata wapi, mwili haumsumbui? Halafu mwambie kwa maneno machache, na umwambie wewe unayempenda, asije akaambiwa na asiyempenda. Pale nyuma wekeni beseni na sabuni, na wewe uwe wa kwanza kunawa. Mwosha huoshwa, mwanangu. Jasho halijui cheo. Mungu akupe ulimi mpole na moyo usioogopa, na wote uliokabidhiwa uwakute kesho walipokuwa leo.

Umeniuliza Elia alisema nini. Alimkatia yule mama kitenge chake cha bluu, akakikunja ua likiwa nje, akamshukuru kwa Kibemba. Akaitundika futi yake ya kupimia msumarini. "Mtani, naenda kunywa chai," akasema, na mimi nikamwagiza aniletee maandazi mawili. Akatoka, akapita katikati ya malori, akaenda zake. Hakurudi.