Lesen na Mawe ya Kwenye Ungo

Mpaka leo siwezi kukaa karibu na mtu anayechambua maharage. Jiwe likigonga bakuli la bati, natafuta kisingizio cha kutoka nje.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Kicukiro, mama, bibi na mimi. Baba alikuwa ametangulia Ujerumani kikazi, na mama hakuweza kumfuata bila kufaulu mtihani wa Kijerumani. Mimi ningebaki na bibi, "kidogo tu." Hiyo kidogo ilininyima usingizi. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikimwomba Mungu mama afeli. Ndiyo, niliomba hivyo, na rozari mkononi.

Kilichomshinda mama ni kusoma. Shule aliiacha mapema, kule Bujumbura, na herufi zilimtoa jasho. Siku moja akarudi kutoka darasa la Kijerumani kule Muhima anacheka. Walikuwa wamefundishwa kitenzi lesen. Ni kusoma, akatueleza: gazeti, barua, hata macho ya mtu. Lakini zamani kilikuwa ni kuokota na kukusanya kimoja kimoja, na hadi leo Wajerumani wanakitumia kwa kuvuna zabibu na kuchambua njegere.

"Kumbe iko kazi yangu," akamwambia bibi. "Hiyo naweza."

Basi akaweka kitabu kando ya ungo wa maharage aliokuwa akichambua. Jiwe moja, neno moja. Nami nikapata akili: maharage yasipoisha, atachelewa darasani. Kila alipogeuka kuangalia sufuria jikoni, nilichota mawe kwenye bakuli nikayarudisha ungoni. Akaokota upya, akasoma upya. Mjinga mimi, nilikuwa namfundisha.

Alifaulu. Niliposikia nilikimbia mpaka barabara ya lami, nikalia huko. Ile kidogo ikawa miaka mitatu.

Mwaka jana, kwenye simu, nikaungama. Mama akasema taratibu:

"Nilikuwa naona, mwanangu. Mawe inaisha, halafu iko tena. Na mimi sikutaka imalizike."

Nilikata simu nikatembea sebuleni huku na huku, siwezi kukaa. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyetaka abaki. Siku zile maharage yote yalikuwa bado kwenye ungo. Alikuwa anageuka makusudi kuangalia sufuria isiyo na kitu.