Mlango Umelainika

Kila alfajiri, kabla Muema hajafungua macho, mkewe Kavata alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaingia kwenye bafu la makuti nyuma ya nyumba, akachuchumaa na kujipima kwa kidole. Alikuwa akiutafuta mlango wa kizazi chake. Alikuwa na mimba ya wiki kumi, na alitaka kujua kama mlango ule ulikuwa bado umefungwa.

Somo la kujipima alilipata kanisani, mwaka alioolewa. Jecinta, mke wa katekista, aliwafundisha wachumba wa parokia kupanga uzazi bila vidonge. "Ukiwa mgumu kama ncha ya pua," alisema huku akiigusa pua yake, "umefungwa. Ukipanda juu na kuwa laini kama mdomo, umefunguka. Siku hizo, kama hamtaki mtoto, bwana akalale kwa mamake." Wasichana walicheka wakijifunika nyuso. Kavata alicheka pia, lakini aliyashika maneno yale kama alivyozishika sala, neno kwa neno. Ndivyo alivyokuwa tangu Kitui, kabla baba yake hajapewa shamba huku Shimba Hills: akifundishwa kitu, hakiachi.

Mimba ya kwanza ilitoka Agosti ya 1997. Ulikuwa mwezi wa ghasia, vijana wa Kidigo walipowavamia watu wa bara kama yeye, na familia hizo zililala kanisani siku sita, juu ya saruji, watoto katikati na wanaume karibu na madirisha. Siku ya nne Kavata aliamka kwenye damu. Mimba ilikuwa na miezi mitatu. Hakuna aliyemweleza sababu, akajitafutia mwenyewe: mlango ulifunguka naye amelala. Angekuwa macho, angejua. Angejua, angefanya kitu. Kitu gani, hakujiuliza.

Kwa hiyo safari hii hakulala. Muema alimwona akifagia uwanja uliokwishafagiwa, akihamisha kuku kutoka banda hili hadi lile, akisimama katikati ya chakula kwenda kutazama njia ambayo hakuna mtu aliyekuwa akipita.

"Kavata, kaa. Unanichosha mimi niliyekaa."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hicho kiti hakijapata joto tangu Krismasi."

Hakumwambia kuhusu kidole. Wala hakumwambia kwamba wiki hiyo ncha ya pua ilikuwa imepotea. Jumatatu ilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Alhamisi ilikuwa laini kama mdomo, tena imepanda juu hata kidole kikaifikia kwa shida. Laini, na juu. Alirudia maneno ya Jecinta mara nyingi akitafuta maana nyingine, hakuipata. Mlango ulikuwa umefunguka.

Mvua za El Nino zilikuwa zimeharibu visima vyote vya sehemu ile. Maji yalitoka mekundu kama chai ya maziwa, na kila nyumba ilinunua shabu, lile jiwe jeupe ambalo ukilikoroga ndani ya pipa hushusha tope chini. Lakini foleni ya kisimani ina mazungumzo yake, na Kavata alikuwa amewasikia wanawake wakinong'ona kwamba shabu hukaza pia mwili wa mwanamke aliyelegea baada ya kuzaa. Kama inakaza huko, aliwaza, itakaza na mlango.

Alikwenda dukani kwa Esha, mama wa Kidigo mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nipe shabu, dada Esha. Lakini iliyo safi. Isiyoshikwashikwa."

Esha alisimamisha mkono juu ya mkebe. "Ya kutia pipani?"

"Ya pipani."

"Pipa lako lina haya gani, mwenzangu, halitaki kushikwa?" Wanawake wawili waliokaa kwenye benchi wakaanza kucheka. "Ama ni Muema? Sema tu, sisi wote tumeolewa. Ameanza kulalamika?"

Kicheko kilipanda. Kavata alijaribu kucheka nao, na uso ukamsaliti. Machozi yalishuka tu, bila sauti. Esha akaacha mzaha. Alimtazama, akayatazama matiti yaliyojaa ndani ya blauzi, kisha akafumba kiganja juu ya lile jiwe.

"Una mimba."

Kavata alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Una mimba na unataka kutia hii ndani. Wallahi sikuuzii! Nyie mlio kwenye benchi, nilindieni duka. Twende kwa Biasha."

Biasha alikuwa muuguzi wa zahanati, Mdigo kama Esha. Tangu Agosti Kavata hakuwa amekanyaga kule. Dukani alikwenda, kwa sababu kununua chumvi hakuhitaji kutazamana machoni. Zahanati ilikuwa jambo jingine. Kule mtu huvua nguo, na hakujua angewezaje kuvua nguo mbele ya Mdigo, au mbele ya yeyote ambaye hakulala naye kwenye ile saruji. Lakini Esha alikuwa amemshika mkono, na mkono wa Esha haukuwa wa kubishana nao.

"Shikamoo mama," Kavata alisema akiwa kizingitini.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Mbona umesimama kama mleta posa?"

Esha alibaki nje. Biasha alisikiliza habari yote, kidole, pua, mdomo, bila kucheka hata mara moja. Kisha alimlaza kitandani, akatazama kwa kifaa chake na tochi, polepole, akimwambia kila anachofanya kabla hajakifanya.

"Umefungwa," alisema.

"Lakini ni laini."

"Ni laini, na rangi yake ni ya zambarau. Aliyekufundisha hakukosea, ila somo lile ni la mwanamke asiye na mimba. Mimba ikiingia, damu nyingi huja pale. Tangu wiki za mwanzo nyama yake hulainika, mara nyingi mlango hupanda juu, na kwenye tundu lake hujaa ute mzito unaoziba. Kulainika si kufunguka. Mlango wako unafanya kazi yake, wewe unaukimbiza kwa shabu."

"Shabu ingefanya nini?"

"Ingekuunguza. Ni dawa ya maji ile."

Kavata alikaa, akifunga leso yake vibaya, akaifungua, akaifunga tena. "Na mimba ile ya Agosti? Ilitoka kwa sababu nililala?"

Biasha alizima tochi. "Nyingi hutoka hivyo, mapema, na mara nyingi ni mtoto hakuumbika sawa tangu mwanzo. Si usingizi."

"Na hofu?"

"Hofu?" Biasha alitazama dirishani. "Siku zile polisi walipokuwa wakitusaka Wadigo, nililala kwenye mihogo na wanangu, nikiwaziba midomo. Hofu tulikuwa nayo wengi."

Kwa mara ya kwanza Kavata alimtazama usoni.

"Niahidi kwamba huyu atakaa."

"Siwezi. Ukiona damu au maji, tumbo likikukaza na kuachia, ukipata homa, njoo, hata mto ukifurika. Na kidole, acha. Hakina cha kukuambia tena."

Kuacha haikuwa rahisi. Alfajiri iliyofuata alinawa mikono mara mbili, akasimama mbele ya bafu, akageuka. Alikwenda kwenye pipa, akakoroga shabu ambayo hatimaye Esha alimuuzia, akabaki ameinama akitazama tope likishuka. Alifanya hivyo kila siku, Februari yote na Machi, huku wiki ya kumi na mbili ikipita, kisha ya kumi na tatu, ambayo hakuwahi kuifikia. Muema alisema hajaona maji yanayolindwa namna ile.

Jumamosi moja ya mwanzo wa Aprili alikwenda kwenye somo la Jecinta, akasimama nyuma ya wachumba wapya. Jecinta alipoigusa pua yake, Kavata aliinua mkono.

"Waambie na la mimba," alisema. "Mwenye mimba mlango hulainika bila kufunguka. Waambie, maana mimi hukuniambia."

Jecinta aliushusha mkono kutoka puani. "Hilo silijui."

"Sasa unalijua."

Alikuwa na mengine ya kusema, lakini chini ya kitovu kitu kiligonga, kidogo, kama kuku anayedonoa mlango kutoka ndani ya banda. Kikagonga tena. Wasichana walimsogezea nafasi kwenye benchi, na Kavata akakaa.