Safari Waliyoingoja Aurore na Mama Yake

Aurore aliingia Kigali na mama yake mwaka ule Bujumbura ilipochafuka. Yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo, mmoja wa wale walioandamana barabarani mpaka majina yao yakajulikana. Mama yake alikuwa na maradhi ya sukari, yanamla macho kidogo kidogo. Baba walikuwa wamemzika harakaharaka, bila matanga. Mjini hawakuwa na ndugu wala jirani. Jumapili ya kwanza wakaenda kanisani, maana pale mgeni haulizwi amefuata nini, na misa ilipokwisha wakabaki wameketi benchi la nyuma, hawajui pa kuelekea.

Hapo ndipo Nyiransabimana alipowakuta. Mtaani kwake Gitega, hapohapo Kigali, watu walimwita Mama Clovis. Alikuwa Mnyarwanda, lakini wazazi wake walikimbilia Burundi kabla hajazaliwa, naye akakulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura. Aliposikia mama yake Aurore akisema Kiswahili cha Buyenzi, kilekile cha utoto wake, alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Dada yangu, kwenu ndiko nilikolelewa," alisema. "Masista wa kwenu walininywesha uji, wakanipeleka shule. Nikiwaacha hapa leo, jioni nitasali sala gani?"

Akawapa chumba cha uani kwake. Akina mama wa parokia, waliokuwa na kikundi cha kuwasaidia wakimbizi, wakamtafutia Aurore cherehani na mama yake dawa. Maisha yakashika njia. Aurore alishona sare za shule na magauni ya harusi, na Jumapili aliimba kwaya.

Kwenye kwaya hiyo alikuwamo Bertrand, Mrundi mwenzake, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana Gisimenti. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alianza kwa kumsindikiza Aurore baada ya mazoezi, akaja kutengeneza bawaba za dirisha la chumba chao, mwisho akasema waziwazi kwamba anataka kuleta posa.

Wiki zilezile ikaja simu kutoka ofisi ya wakimbizi: mama yake Aurore amechaguliwa kwenda Marekani pamoja na bintiye. Ofisini, kijana mmoja mpole aliwaeleza utaratibu. Binti anasafiri kwenye faili la mama kwa kuwa hajaolewa. Akiolewa, atatolewa humo aanze upya na mumewe, na mama ataendelea peke yake.

Aurore alimtazama mama yake, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta mkono wa kiti kwa kupapasa.

Jioni alimfuata Bertrand karakanani.

"Nimwache Mama aende vile? Atavukaje barabara ya watu?"

"Sikwambii umwache," Bertrand alisema. "Nauliza tu, mpaka lini?"

"Tukifika, nitakuombea uje."

"Aurore, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Najua. Lakini nitafanyaje?"

Bertrand akavaa miwani yake, akarudi kwenye geti alilokuwa akilichomelea.

Hata hivyo alingoja. Wakaitwa kwa mahojiano, wakaitwa tena. Wakapimwa vifua, vipimo vikapitwa na muda, wakapimwa upya. Krismasi zikapita. Bertrand akaendelea kuja Jumapili, kisha akawa anakuja mara mojamoja, kisha akaja siku moja kusema kwamba wazee wake wamechoka na yeye hawezi tena. Alimwoa Natacha, msichana mwema wa kwaya hiyohiyo. Aurore aliimba kwenye harusi. Mama yake alipouliza mbona kijana yule haji, alimjibu, "Mapenzi yalipoa tu, Mama." Aliyejua ukweli ni Mama Clovis peke yake.

Hatimaye tarehe ya ndege ikatoka. Kanisa moja la huko Marekani lilikuwa limejitolea kuwapokea. Waumini wakatuma picha ya chumba: vitanda viwili, blanketi za maua, makoti mazito yametundikwa ukutani. Aurore alimsimulia mama yake kila kitu kilichomo, mpaka rangi ya mapazia. Akampa cherehani binti mmoja aliyekuwa amefika karibuni kutoka Kongo. Parokia ikawafanyia misa ya kuwaaga.

Siku chache kabla ya safari, Januari ile serikali mpya ilipoingia madarakani huko, simu ililia Aurore akifunga mabegi. Marekani imesimamisha kupokea wakimbizi. Safari imefutwa.

"Imeahirishwa?" aliuliza.

"Imefutwa, dada. Pole sana. Hata sisi hatujui zaidi ya hapo."

Mabegi yalikaa mlangoni wiki nzima, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafungua. Wale waumini wa Marekani walipiga simu wakilia, wakasema wanaomba. Akina mama wa parokia walikuja na rozari, wakajaa chumbani hadi uani. Walipomaliza, mmoja akasema, "Subira huvuta heri." Mama Clovis, mtu wa sala kuliko wote, akashindwa kujizuia.

"Heri ipi? Msichana huyu amempoteza mchumba wake kwa ajili ya safari hii!"

Mama yake Aurore aligeuza uso upande wa sauti ya bintiye.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Yamepita, Mama."

"Kumbe nimekukalia maisha yako, nawe hukusema."

Tangu siku hiyo alikula kidogo na kuongea kidogo. Baada ya Pasaka akamwomba Mama Clovis ampeleke akajiandikishe na wanaorejea Burundi kwa hiari. Alikuwa na mdogo wake huko Kirundo, kaskazini mwa nchi. Aurore alipiga magoti, akalia, akamshika miguu.

"Mimi ni kikongwe, mimi hawanitafuti," mama alisema. "Wewe huwezi kurudi kule. Kaa hapa, uolewe, uzae. Nikiendelea kukaa, utaniongoza mkono mpaka uzeeke."

Padri alijaribu kumsihi, akashindwa, akambariki. Siku ya safari Mama Clovis alimpandisha basini, akamfunga kitenge mabegani, akamwambia kwa Kirundi, "Uwasalimie Buyenzi," ingawa wote wawili walijua basi halifiki huko. Aurore alisimama chini ya dirisha akamwita. Mama yake alitoa mkono kwenye dirisha la upande wa pili, akapunga mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sasa Aurore anashona kwa cherehani ya kuazima, uani palepale. Kila Jumapili hupigiana simu. Mama yake haoni tena hata mwanga. Humweleza habari za mvua na maharage, kisha huuliza kama kuna kijana yeyote amekuja kubisha hodi.

"Bado, Mama," Aurore hujibu.

"Atakuja," mama husema, kisha huagana mpaka Jumapili ijayo.