Wimbo wa Nne na Kinu cha Koko

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani, nikaenda kusuka nywele mtaani Makiso. Msusi, binti mdogo, akawasha muziki kwenye simu yake. Gitaa mbili zikaanza kujibizana, na mwili ukanifa ganzi kabla sijajua kwa nini. Ilikuwa diski ya tonton.

Wewe uliyekulia enzi za Zaire utanielewa. Tonton, yaani mjomba wangu, mdogo wake mama, alilelewa na rumba za zamani, zile tamu za kucheza taratibu, na maneno aliyotunga yalichekesha huku yakiuma. Alitoa diski moja tu. Mtaani kwetu Mangobo ilipigwa kila alasiri, mlango wazi, mawese yakinukia jikoni. Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa za mapenzi. Wa nne, kwa minong'ono niliyodaka kwa wakubwa, ulimhusu mgeni aliyekaribishwa siku moja, akapewa kiti cha mwenye nyumba, akanogewa, mwisho akamuuliza mwenye nyumba: nawe unaondoka lini? Mtaa mzima ulijua mgeni ni nani. Picha yake ilitundikwa kila ofisi.

Ulimi uliponza kichwa, alikuwa akisema koko, nyanya yetu. Tonton alikataa kuuruka ule wimbo. "Tukiuruka, watajua tunajua." Basi koko akatafuta dawa yake. Wa tatu ukiisha tu, sisi wasichana tulishika michi, tukatwanga pondu, majani ya muhogo, kwa nguvu maneno yasisikike mpaka wa nne upite. Nilitwanga jicho langu likiwa kwenye ua wa jirani.

Jirani alikuwa mtu wa chama tawala, abakosti, lile koti rasmi la enzi zile, imefungwa hadi kooni, beji kifuani. Siku moja akasimama kwenye ua wetu.

"Mama, pondu munakulaka kila siku?"

"Watoto iko mingi, papa," koko akajibu.

Hakucheka. Akaenda zake. Tulingoja gari lije kumchukua tonton, kama lilivyomchukua mwalimu wetu, ambaye hatukumwona tena.

Jumamosi jirani akarudi na mzigo wa majani ya muhogo, akautua miguuni pa koko.

"Kesho wakubwa wa chama wanakuya kwangu. Wanataka kusikia diski ya mutoto wako, donc mutapiga yote." Akashusha sauti. "Mutwange bien, na nguvu."

Tukatwanga. Ng'ambo ya ua, mke wa jirani naye akatwanga kwa nguvu kama sisi. Wageni walisikiliza wakinywa bia. Walipoondoka, mmoja alisema tu kwamba wanawake wa mtaa huu wana bidii. Tonton alikuwa chumbani ameketi sakafuni, shati limelowa jasho. Hakutunga tena. Aliishia kupiga gitaa kanisani, nyimbo zilizoandikwa na wengine.

Leo koko hayupo, tonton hayupo, jirani hayupo. Pondu inasagwa kwa mashine sokoni, na kinu chetu sijui kiliishia wapi.

Pale saluni wimbo wa tatu ukaisha. Kwa mara ya kwanza maishani nikausikia wa nne wote, neno kwa neno. Ulichekesha kweli, tonton wangu masikini. Binti hakucheka, kwake yule alikuwa mgeni tu. Aliona nimeukodolea mlango macho.

"Mama, niongeze sauti?"

Nilitaka aongeze, Makiso yote isikie.

"Punguza kidogo," nikamwambia.