Mkungu wa Kupeleka Kashozi

Mimi nilizaliwa Usukumani. Kwetu kuni ni shida, tunapikia mavi makavu ya ng'ombe na hakuna anayeona haya. Basi nilipoolewa Kishanda na magoti yakaanza kuniuma, nilifanya ninachokijua. Kila asubuhi nilichota ndoo moja ya mavi zizini, nikafinyanga mikate, nikaianika nyuma ya jiko. Maharage yaliiva vizuri tu. Nilijiona mjanja kweli!

Mama mkwe sikumwambia. Huku ng'ombe anafugwa kwa ajili ya kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Mavi ni chakula cha mgomba, na mgomba wa karibu na mlango ndio hulishwa kwanza. Mkungu wake ulikuwa unasubiriwa. Ungepelekwa Kashozi, siku ya kumposea shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Na mkungu wa posa lazima umtoe mwanaume jasho, la sivyo ukoo mzima unachekwa.

"Mbona haunenepi?" mama mkwe aliuliza kila alipopita, akizibonyeza ndizi.

Nikasingizia jua. Wiki nyingine nikasingizia fukusi. Lakini mikate niliendelea kuichoma, maana mlima wa kwenda kutafuta kuni niliuogopa kuliko uongo.

Siku za mwizi ni arobaini. Asubuhi ya safari mvua ilishuka ghafla, nikakimbia kuanua mikate yangu. Mama mkwe akanikuta mlangoni nimeikumbatia kwenye kanga. Alichukua mmoja, akaunusa, kisha akautazama mgomba.

"Mama, waitu, nisamehe," nilisema, nikimsihi kwa neno la kwao. "Ni magoti..."

"Magoti ungeniambia, mwanangu."

Hakugomba. Heri angegomba, jamani! Alimwita shemeji, mkungu ukakatwa. Shemeji aliunyanyua kwa mkono mmoja, akabaki ameushika hivyo hivyo. Mama mkwe aliuchukua, akauweka miguuni pangu.

"Huu hauendi popote," alisema. "Upike wewe. Chakula chake unacho hapo jikoni."

Wakatoka na mvua hiyo hiyo kwenda kuomba mkungu kwa jirani. Nilizimenya zile ndizi nyembamba peke yangu, nikawasha moto kwa mkate wa mavi, nikalia. Safari hiyo sikusingizia moshi.