Ile Haikuwa Sanduku ya Maiti

Chekeni kwanza mumalize, ndipo niongee. Aibu niko nayo, siwezi kukataa, hata leo nikipita barabara ya Simi-Simi nashusha kofia mpaka kwenye pua, lakini zaidi ya aibu niko na hasira, na hii hasira sijui itapoa lini, ju mimi sikukosea kitu! Batu ba huu muji njo balikosea, bote, kuanzia polisi wa roulage, wale ba barabarani, mpaka bale bamama ba kuimba.

Munanijua, niko muuza misumari. Nauza na mbao nyembamba za triplex, bâche za turubai, rangi, bitu bya kujengea, duka yangu iko karibu na soko, hapa Kisangani, na kila juma napakia pickup yangu muzee naenda nayo upande wa Bafwasende kupelekea batu mali. Sasa ile pickup inakunywa mafuta, mama yangu! Unatia, inakunywa, unatia, inaomba tena, faida yote inatokea kwa bomba ya moshi. Alors siku moja naona video kwa telefone, mutu anaeleza vile upepo unaingia nyuma ya pickup, unazunguka mule, unavuta gari kama mutu anakushika shati, na dawa yake ni kufunika nyuma yote, kuanzia juu ya kabine, unateremusha pole pole, unapunguza upana, mpaka mwisho ipite gari kidogo, upepo uteleze uende zake. Nikasema, bon, triplex niko nayo, bâche niko nayo, riveti niko nazo, ninangoja nani?

Nikaijenga. Mbao ndani, triplex juu, na juu ya triplex bâche nyeupe nimeivuta mpaka inalia ngo ngo ukiigonga, na kule nyuma mulango mudogo wa kuingizia mali. Magurudumu nikayafunika na sahani za alumini (muke wangu alizitafuta siku muzima, nikanyamaza). Mbele, pale hewa inaingilia kwa radiateur, nikabandika karto ya boksi, nikaacha tundu ndogo tu, ju ile video ilisema pale pia upepo unasumbua. Nikaenda Bafwasende, nikarudi, na mafuta ilibaki! Ilibaki, nawaapia! Muke wangu, Mama Josué, akaniangalia, akasema, "Papa Josué, kwa ile barabara hata mbuzi inakupita. Upepo unakukuta wapi?" Nikaenda kukaza riveti. Kuna batu haujibu.

Sasa sikilizeni muzuri. Ndugu yangu mudogo, Mbusa, mimi njo nilimulea, ju baba yetu alituacha Mbusa akiwa bado anatambaa. Akakuwa, akasoma, akapenda musichana wa Simi-Simi, Véro, mutoto ya Papa Bolamba, familia ya kabila ya Balokele, batu ba heshima. Papa Bolamba hakuwa na shida. Shida ilikuwa koko, bibi yake Véro, ju kule kwao bila yeye hakuna ndoa, na ile koko alisema wazi kwamba hataki mujukuu wake aende kwa batu ba duka, batu banaopima hata chumvi ya mboga. Bakamubembeleza mpaka akakubali kutupokea na dot yetu, ile mahari, lakini akatuma neno: "Bakuye mara moja tu. Ikiharibika, basirudi tena." Mbusa aliacha kula. Kijana munene vile, akabaki macho tu.

Asubuyi ya dot, Mama Josué akasema, "Toa ile kitu juu ya gari, tunaenda kwa babokilo." Kwa wakwe, ni kusema, mahali mutu anaenda na sura yake yote ya heshima. Nikakataa. Kuitoa ni kuvunja riveti zote, na tena, mali ya dot itakuwa imefunikwa, jua haiichomi, macho ya batu haiioni, nini mbaya? Tukaingiza masufuria, bapagne za kitenge, blanketi ya koko, na mwisho kabisa mbuzi. Mama Josué akatangulia na bashangazi kwa gari ingine. Mimi na Mbusa tukaingia kwa kabine, suti, kravati, manukato. Mimi njo nilikuwa musemaji wa familia. Maneno yangu nilikuwa nayo kichwani, safi.

Hatujafika mbali, gari ikachemka. (Ile karto! Kwa safari ndefu hewa inaingia hata kwa tundu ndogo, lakini kwa soko, batu bamejaa, unasogea kama kobe, itaingilia wapi?) Moshi! Nikasimama katikati ya barabara, na nikafanya vile kila dereva wa Kongo anafanya gari ikikufa: nikakata matawi ya miti, nikaweka mengine mbele, mengine nyuma, ili batu bajue basitugonge. Tukangoja, tukatia maji, ikakubali kuwaka. Saa ya babokilo inapita. Nikawaza, ikichemka tena mbele kule nitakata matawi wapi? Donc nikayaokota yote, nikafunga mengine mbele ya gari, mengine nikayalalisha juu ya bâche, nikawasha taa za hatari, na tukaenda pole pole sana isipate moto.

Munaanza kucheka. Sawa. Lakini mimi nilikuwa ndani! Mutu iko ndani ya gari anaona gari yake kwa nje na macho ya nani?

Wa kwanza alikuwa motard, dereva wa pikipiki ya taxi. Akatupita, akaangalia, akavua kofia ya chuma, akavunja tawi kwa muti ya barabara, akalifunga kwa pikipiki yake, akakaa mbele yetu na kupiga honi. Nikasema huyu mulevi. Akakuya mwingine. Wakakuya wengine, na honi, na matawi, na wale ba toleka, taxi ya baiskeli, nyuma, na ile polisi wa roulage ambaye kila juma ananisimamisha na kuniuliza karatasi hata sijui ni ya nini, leo akafunga barabara yote kwa ajili yangu na akapiga saluti. Saluti! Bamama balikuwa banatoka soko bakatua mabeseni, bakafunga bapagne kiunoni, bakaanza wimbo ya matanga. Hapo njo nilielewa: kwetu gari yenye matawi, taa zinawaka, mwendo ya pole, ile ni gari ya maiti.

Nikatoa kichwa kwa dirisha. "Hakuna mutu alikufa! Munasikia? Hakuna!"

Ile motard wa kwanza akarudi karibu yangu, sura ya huruma kabisa. "Pole, papa. Siku ya kwanza kila mutu anasema vile."

"Ni ya upepo, wewe! Ni aérodynamique! Ni ya mafuta!"

"Ni vile, papa," akasema. "Sisi wote tuko upepo tu."

Nilitaka kumupiga. Pembeni yangu Mbusa akaanza kulia, machozi ya kweli, ndoa yake anaiona inaenda, na vile alilia bamama bakasema, huyu njo mutoto ya marehemu, maskini, na mumoja akamuingizia leso kwa dirisha. "Yaya, kaka yangu, usisimame," Mbusa akaniambia, "tukisimama gari haiwaki tena, na koko hatatungoja. Endesha, tutabaacha nyuma." Kubaacha na nini, na ile mwendo? Hata mama wa mabeseni alikuwa mbele yetu.

Tukaingia kwa Papa Bolamba vile. Turubai imefungwa, viti na vitambaa, familia muzima imevaa pagne za namna moja, muziki inapigwa, na bamotard bakaingia mbele yetu na matawi, na bamama na kilio. Muziki ikakatika. Majirani bakaruka kutoka kila nyumba, na ju bote banajua ile koko ni muzee sana, hawakuuliza hata neno. "Koko! Koko ametuacha!" Mama mumoja akajitupa chini, akaviringika kwa vumbi.

Na koko iko pale. Amekaa katikati, kwa kiti kikubwa, pagne mupya, chupa ya limonade mukononi.

Akaangalia batu. Akaangalia ile kitu nyeupe juu ya gari yangu. Hata yule wa vumbi akainua kichwa. Koko akauliza pole pole, "Ni mimi njo munalilia?"

Na kabla mutu hajajibu, kutoka ndani ya ile sanduku, mbuzi ikasema, "Meeee!"

Ee Mungu. Batu bakakimbia! Viti bilianguka, bamama bakapita juu ya bamotard, pikipiki ingine ilibaki peke yake inanguruma. Walipomalizika, tulibaki sisi, familia, na Mama Josué amefunika uso na mikono.

Papa Bolamba akanikaribia. "Kambale, umetuletea sanduku? Kwa dot? Mama yangu angali hai?" Nikaanza kueleza. Nilianza na upepo, nikaonyesha na mukono vile unateleza, nikafika kwa radiateur, na kila neno niliona bazee banazidi kukunja uso. Bakaenda pembeni, bakarudi: dot haipokelewi. Sanduku imeingia kwa mulango ya mutu hai, hiyo ni laana, mugeuze gari. Véro alikuwa anaangalia kwa dirisha, na Mbusa akapiga magoti kwa ile vumbi na suti yake.

Koko akainua mukono. "Sanduku ikifika kwa batu, hairudi bure. Lazima mutu alale ndani. Njo desturi." (Nimeuliza Balokele wengi, mpaka bazee, hakuna hata mumoja anajua hiyo desturi! Hakuna!) "Mimi sijawa tayari," akasema. "Alale aliyeileta."

"Mimi? Na hii suti? Mimi musemaji wa familia?"

Mbusa akaniangalia. "Yaya," akasema. Basi, ile neno tu.

Bakatoa mali, bakatoa mbuzi, nikaingia. Na ile mbuzi, mujue, haikuwa imeniheshimu, na jua ilikuwa imeshapika yote. Nikalala chali, bakafunga mulango. Na nitasema ukweli, hata mule, na ile harufu, niliona kazi yangu ilikuwa muzuri.

Nikasikia mukongojo inagonga triplex. "Unalala muzuri?" Ni koko.

"Ndiyo, koko."

"Upepo inakusumbua?"

"Hapana, koko. Haiingii hata kidogo." Niseme nini? Ilikuwa kweli!

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi, kikapanda, kikapasuka, na familia yote ikafuata. Nikasukuma mulango. Mutu akaushika kwa nje, na Mbusa akaweka mudomo kwa bâche: "Yaya, usitoke kwanza. Koko anacheka. Anashika mukono ya Véro."

Nikabaki. Nimelala kwa mavi ya mbuzi, na mule njo nilisikia dot ya ndugu yangu inapokelewa, sufuria kwa sufuria, na maneno yangu ya musemaji, Mama Josué njo aliyasema, na banasema alisema muzuri kunipita. Walinifungulia wakati wa kula.

Leo Véro ni muke wa Mbusa. Ananiita papa, na heshima yote, kisha anakimbia kwa jikoni, na mi namusikia kule anacheka. Ile kifuniko ya gari nimeivunja, triplex nimeuza, na sitaweka tena kitu juu ya gari, hata kibao, gari inywe, imalize mafuta ya Kisangani yote. Lakini mutu asiniambie nilikosea. Nililala mule kwa ajili ya Mbusa, na ni Mbusa tu anaweza kunifanya vile. Mara ya pili kwa sanduku, batanilalisha benyewe, na siku ile sitabishana na mutu.